Mashine za Langoni: Historia ya Maunzi ya Ngome za Mtandao

Ngome ya mtandao ni kompyuta inayosimama pale mtandao wa taasisi unapokutana na mtandao wa nje, ikiamua pakiti ipi ya data ipite na ipi izuiwe. Mawasiliano yote hupitia hapo, na kwa hiyo hitilafu yake haifanani na ya seva nyingine. Seva ya barua pepe ikizimika, barua husubiri. Seva ya majalada ikizimika, ofisi moja hukwama. Ngome ikizimika, taasisi nzima hukatika, na mara nyingi hata fundi aliye mbali hana njia ya kuifikia ili aitengeneze. Historia ya ngome hizi kwa kawaida husimuliwa kama historia ya programu: kanuni za kuchuja, mbinu za wavamizi, majibu ya walinzi. Ipo historia nyingine, ya feni, kapasita, kadi za mtandao na mapigo ya saa, na hiyo ndiyo iliyoamua mara nyingi zaidi kama ofisi itaamka na mawasiliano au bila mawasiliano. Katika historia hiyo kasi ya prosesa, ambayo wauzaji huitaja kwanza, ni nadra sana kuwa ndiyo iliyoiangusha mashine.

Mashine ya kwanza ya mtandao kuchaguliwa kwa kigezo cha uimara haikuwa ngome. Kampuni ya BBN ya Massachusetts, ilipopewa kazi ya kuunda mashine za kupokezana pakiti za ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, ilichagua kompyuta ya Honeywell DDP-516 iliyofungwa katika kabati gumu la aina ya kijeshi. Ya kwanza ilifika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, mwaka 1969, na ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 400. Wahandisi walijua kwamba mashine hizo zingekaa katika vyumba vya vyuo vilivyo mbali, bila mtu wao wa kuzisimamia. Kwa hiyo walizipa uwezo wa kujiwasha zenyewe umeme unaporudi, pamoja na kipima muda cha kuishtua programu iliyokwama. Zaidi ya nusu karne baadaye, mambo hayo mawili bado ndiyo ya kwanza kuangaliwa na fundi makini anapopewa mashine ya kuiweka langoni.

Kwa karibu miaka ishirini mtandao uliendeshwa kwa kuaminiana. Hali hiyo ilivunjika tarehe 2 Novemba 1988, pale Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, alipoachilia programu iliyojinakili yenyewe kutoka mashine hadi mashine. Ilizishambulia kompyuta za VAX za kampuni ya DEC na Sun-3 zilizotumia Unix ya Berkeley. Kadirio lililozoeleka ni kwamba mashine 6,000 hivi ziliambukizwa, wakati mtandao mzima ulikuwa na takriban 60,000. Taasisi nyingi zilijikinga kwa kujitenga kabisa na mtandao, na kwa kufanya hivyo zikajinyima pia taarifa za namna ya kuondoa tatizo. Ilidhihirika kwamba hapakuwa na mahali pamoja pa kuweka mlinzi bila kukata mawasiliano yote.

Mwaka 1989 Jeffrey Mogul wa DEC alieleza screend, programu iliyoigeuza kompyuta ya Unix yenye miunganisho miwili ya mtandao kuwa lango la kuchuja pakiti. Mwaka uliofuata Bill Cheswick wa Bell Labs alichapisha muundo wa lango la AT&T, lililotumia mashine mbili: moja ya nje, iliyodhaniwa tangu mwanzo kwamba siku moja huenda ikatekwa, na nyingine ya ndani, zikiwasiliana kwa njia finyu. DEC ikageuza uzoefu wake kuwa bidhaa iliyoitwa SEAL, ambayo ilimfikia mteja wa kwanza mwaka 1991. SEAL haikuwa kisanduku cha kununua na kuchomeka. Ilikuwa kundi la kompyuta, pamoja na wataalamu waliokuja kuzisimika.

Katika kizazi hicho cha kwanza, suala la kuchagua maunzi karibu halikuwepo. Kampuni iliyotengeneza prosesa ndiyo iliyotengeneza kadi ya mtandao, kabati na mfumo endeshi, na ikamtuma fundi wake na kipuri pindi kitu kilipoharibika. Uimara ulinunuliwa pamoja na mkataba wa matengenezo, na bei yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba ni kampuni kubwa, vyuo na idara za serikali tu zilizoweza kuimudu. Hata Check Point, kampuni iliyoanzishwa nchini Israeli mwaka 1993 na Gil Shwed, Marius Nacht na Shlomo Kramer, ilipotoa FireWall-1 mwaka 1994, wateja wake wengi waliiendesha juu ya mashine za Sun.

FireWall-1 ilileta hitaji jipya. Ngome za kuchuja za awali ziliipima kila pakiti peke yake, zikasahau iliyopita. FireWall-1 iliweka jedwali la mawasiliano yote yanayoendelea, ili pakiti ya jibu itambulike kwamba ni jibu la swali lililotoka ndani. Jedwali hilo hukaa katika RAM, na likijaa, mawasiliano mapya hukataliwa hata kama prosesa imekaa bila kazi. Hesabu yake si ngumu: katika pf, ngome ya mfumo wa OpenBSD iliyokuja baadaye, kila wasiliano huchukua takriban kilobaiti moja, kwa hiyo mawasiliano milioni moja huhitaji gigabaiti moja. Kwa ofisi ya watu hamsini kiasi hicho hakifikiwi. Kwa chuo chenye maelfu ya simu za wanafunzi hufikiwa mapema kuliko wengi wanavyodhani.

Mwaka huohuo wa 1994 ulileta kisanduku kilichobadilisha biashara yote. John Mayes na Brantley Coile, kupitia kampuni ndogo ya Network Translation, walitoa PIX. Walichokuwa wakikitafuta mwanzoni ni dawa ya uhaba wa anwani za intaneti: PIX ilizibadilisha anwani nyingi za ndani kuwa chache za nje. Ulinzi ulifuata kama tunda la kazi hiyo, maana mashine iliyofichwa nyuma ya anwani ya pamoja haifikiki kwa urahisi kutoka nje. Cisco iliinunua kampuni hiyo mwishoni mwa 1995, na jina la PIX likadumu sokoni hadi 2008.

Mnunuzi aliyefungua kifuniko cha PIX alikuta vipuri vya kawaida vya PC. Modeli ya 525 ilitumia Pentium III ya megahezi 600, na ya 535 Pentium III ya gigahezi moja, prosesa za aina ileile iliyowekwa katika kompyuta za mezani za wakati huo. Siri yake ilikuwa katika vilivyoondolewa. Hapakuwa na diski kuu wala Unix. Mfumo mdogo ulioandikwa kwa kazi hiyo moja ulikaa katika flashi, ukapakiwa katika RAM mashine ilipowashwa. Umeme ukikatika ghafla hapakuwa na majalada yaliyoachwa wazi, na kifaa kikawa tayari tena muda mfupi baada ya umeme kurudi. Kulikuwa pia na kebo ya kuunganisha PIX mbili, ili ya pili ishike kazi ya kwanza ikifa. Hukumu ya haki juu ya PIX ni kwamba ilithibitisha kuwa uimara wa ngome hautokani na vipuri adimu. Hutokana na kupunguza vitu vinavyoweza kuharibika.

Njia nyingine ilikuwa kuachana na prosesa ya kawaida kabisa. NetScreen, iliyoanzishwa mwaka 1997, ilitengeneza chipu za pekee zilizochuja pakiti na kufanya hesabu za usimbaji kwa kasi ambayo Pentium haikuweza kuikaribia. Juniper iliinunua mwaka 2004 kwa takriban dola bilioni 4. Chipu hizo zilikuwa na kasoro ya asili, kwamba kazi iliyochongwa ndani ya silikoni haibadiliki. Ngome zilipoanza kutakiwa kusoma kilichomo ndani ya pakiti, zaidi ya anwani zilizo juu yake, sehemu kubwa ya kazi ilirudi kwa prosesa za kawaida. Nokia, kwa upande wake, iliuza visanduku vilivyoendesha programu ya Check Point hadi ilipokabidhi biashara hiyo kwa Check Point yenyewe mwaka 2009.

Wasioweza kununua PIX wala Nokia walijenga wenyewe. FreeBSD ilikuwa na ipfw tangu katikati ya miaka ya 1990, na Linux ikapitia ipfwadm na ipchains hadi iptables, iliyotoka pamoja na toleo la 2.4 mwanzoni mwa 2001. Kompyuta ya 486 iliyostaafishwa ofisini, ikipewa kadi mbili za mtandao, ilitosha kulinda ofisi nyingine. Linux Router Project ilionyesha kwamba mfumo wote ungeweza kuingia katika disketi moja ya megabaiti 1.44, na mara mfumo ulipokwisha kuingia katika RAM, disketi iliweza kutolewa na kufungiwa kabatini. Mvamizi hakuwa na mahali pa kuacha kitu cha kudumu, na fundi hakuwa na diski kuu ya kumharibikia usiku.

Kompyuta hizo za zamani zilikuwa na tabia zake. Nyingi zilikataa kuwaka bila kibodi: zilisimama kwenye skrini ya mwanzo zikilalamika kwamba kibodi haipo na kutaka kitufe kibonyezwe. Nyingine zilibaki zimezimika umeme uliporudi, zikingoja mtu abonyeze swichi. Zilizoachiwa diski kuu zilikuwa na kikwazo cha tatu. Baada ya kukatika kwa umeme Unix hukagua diski, na ikikuta hitilafu kubwa husimama na kumwuliza mtu kabla ya kuendelea. Ngome iliyo katika chumba kilichofungwa, siku ya Jumapili, haina mtu wa kuijibu. Matatu hayo yote yalirekebishika kwa mpangilio wa BIOS na mfumo, lakini aliyeyajua ni yule tu aliyewahi kuivuta waya ya umeme kwa makusudi na kutazama kitakachotokea. Jaribio hilo halina gharama yoyote, na hadi leo ni wachache mno wanaolifanya kabla ya kuikabidhi mashine kazi.

Sehemu iliyowatofautisha wajenzi waliofaulu na walioshindwa ilikuwa kadi ya mtandao. Kasi ya waya hupimwa kwa biti, ilhali mzigo wa ngome hupimwa kwa pakiti, kwa kuwa kila pakiti, ndogo au kubwa, hutaka uamuzi wake. Ethaneti ya megabiti 10 inaweza kubeba pakiti ndogo kabisa 14,880 kwa sekunde. Ya megabiti 100 hubeba 148,800, ya gigabiti moja hukaribia milioni 1.5, na ya gigabiti 10 hufika karibu milioni 15. Kisanduku kinachopitisha gigabiti nzima ya majalada makubwa kinaweza kuzidiwa kabisa na sehemu ya kumi ya kasi hiyo iwapo imejaa pakiti ndogo za simu za intaneti, maswali ya majina au shambulio.

Mogul yuleyule wa screend, pamoja na K. K. Ramakrishnan, walieleza mwaka 1996 kinachotokea wakati huo. Kadi ya kawaida huikatiza prosesa kila pakiti inapofika. Pakiti zikiwa nyingi mno, prosesa hutumia muda wake wote kuzipokea na kukosa hata nafasi ya kuzipitisha, na pakiti zilizopokelewa kwa taabu hutupwa baadaye kwa kuwa foleni imejaa. Lango lao la majaribio lililoendesha screend lilifikia kilele chake kwenye pakiti 2,000 hivi kwa sekunde. Mzigo ulipozidi hapo kazi ilianza kushuka, na kwenye pakiti 6,000 hivi hakuna kilichopita tena. Mashine ilikuwa hai, joto, yenye shughuli tele, na haikutoa kitu. Hizo pakiti 6,000 hazifiki hata nusu ya uwezo wa Ethaneti ya megabiti 10.

Dawa waliyopendekeza ilikuwa kwamba mzigo ukiwa mkubwa prosesa iache kukatizwa, badala yake iende yenyewe kuzichukua pakiti kwa zamu na kwa kiasi. FreeBSD na Linux zote ziliingiza mbinu za aina hiyo mwanzoni mwa miaka ya 2000. Lakini dawa ilihitaji kadi yenye ushirikiano, yenye foleni zake yenyewe na uwezo wa kuandika moja kwa moja katika RAM bila kuilazimu prosesa inakili kila baiti. Kadi za bei nafuu zenye chipu ya Realtek 8139, zilizojaa madukani, ziliitwika prosesa kazi hiyo. Chipu za Tulip za DEC, na baadaye kadi za Intel za PRO/100 na PRO/1000, ziliifanya zenyewe. Hapo ndipo ilipotoka kanuni inayorudiwa hadi leo na mafundi wa ngome, kwamba pesa ya ziada ikipatikana iende kwenye kadi ya mtandao kabla ya prosesa. Kanuni hiyo ina msingi wa majaribio yaliyopimwa, jambo ambalo haliwezi kusemwa juu ya ushauri mwingi wa wauza kompyuta.

Tangu takriban mwaka 1999 hadi 2007 ulimwengu wa kompyuta ulikumbwa na ugonjwa wa kapasita. Kapasita za alumini zilizo kwenye ubao mama huwa na kimiminika ndani, na nyingi za kipindi hicho zilitiwa kimiminika chenye mchanganyiko mbovu. Zilizalisha gesi, zikavimba vichwa, zikavuja maji ya kahawia. Dell ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya kugharimia ukarabati wa kompyuta zake za OptiPlex zilizoathirika. Ubao wenye kapasita hizo haukufa mara moja. Uliganda bila sababu, ukajiwasha upya, ukafanya kazi wiki nzima, kisha ukaganda tena. Kwa ngome hilo ni baya kuliko kufa, kwa sababu lawama ziliangukia programu, kanuni za kuchuja, au kampuni ya intaneti, huku chanzo kikionekana kwa macho kwa yeyote ambaye angefungua kifuniko.

Ugonjwa huo ulifundisha kutazama joto kwa namna nyingine. Maisha ya kapasita ya kimiminika huongezeka karibu maradufu kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazopunguzwa. Feni ikiziba vumbi, joto hupanda, na sehemu ambayo ingedumu miaka kumi hudumu minne. Watengenezaji wa bodi walihamia kapasita kavu za polima, na neno hilo likaanza kuonekana kwenye matangazo. Wajenzi wa ngome walikwenda mbali zaidi, wakaanza kutafuta mashine isiyo na feni kabisa.

Waliipata katika bodi ndogo zilizoundwa kwa ajili ya viwanda na vituo vya mawasiliano. Soekris Engineering, kampuni ya Mdenmaki Søren Kristensen iliyokuwa California, iliuza net4501: prosesa ya megahezi 133, milango mitatu ya mtandao, nafasi ya kadi ya CompactFlash, bila feni wala mlango wa skrini. Fundi aliisimamia kwa waya wa seri. Mwaka 2003 Mswisi Manuel Kasper alitoa m0n0wall, ngome iliyojengwa juu ya FreeBSD hasa kwa ajili ya bodi kama hizo. Iliendeshwa yote ndani ya RAM, na mipangilio yake yote ilikuwa jalada moja la XML. Bodi ikifa, jalada hilo lilihamishiwa bodi nyingine na mtandao ukarudi kama ulivyokuwa. Kwa maoni ya wengi wanaoifahamu kazi hii, jalada hilo moja lilichangia zaidi uimara wa ngome ndogo kuliko kipuri chochote cha wakati wake. Kutoka m0n0wall ikazaliwa pfSense mwaka 2004, na kutoka pfSense ikatoka OPNsense mwanzoni mwa 2015, ambayo Kasper mwenyewe aliwaelekeza watumiaji wake alipofunga mradi mwaka huo.

Uswisi hiyohiyo ilitoa mfululizo wa bodi za PC Engines: WRAP, kisha ALIX, kisha APU. ALIX ilitumia umeme wa DC na wati chache kuliko balbu ya kawaida, na APU2, yenye prosesa ya AMD ya viini vinne, ilipatikana na RAM ya aina ya ECC inayorekebisha biti iliyogeuka. Utafiti uliofanywa kwenye seva za Google na kuchapishwa mwaka 2009 ulikuta kwamba asilimia 8 hivi ya vijiti vya RAM hupata hitilafu ya namna hiyo katika mwaka mmoja, kiwango kikubwa mno kuliko kilichodhaniwa awali. Kwa kifaa kinachokaa miaka mingi bila kuzimwa, ECC ilikuwa nyongeza ya maana.

Flashi nayo ilikuwa na mpaka wake: kila seli huchakaa kwa kuandikwa. Mfumo uliosomwa tu haukuwa na tatizo, ila mara watumiaji walipotaka kuhifadhi rajisi za kila pakiti iliyozuiwa, kadi ndogo zilianza kufa baada ya miezi michache. Waliokuwa waangalifu walizituma rajisi kwenye seva nyingine ya ndani.

Bodi hizo zilifaa hasa mahali ambapo umeme hauaminiki, na Afrika Mashariki ilikuwa mojawapo. Hadi mwaka 2009 pwani yake haikuwa na mkongo wa baharini. Mawasiliano ya nje yalipita kwenye setilaiti kwa bei ghali na kasi ndogo, kiasi kwamba PC kuukuu ilikuwa na nguvu kupita mahitaji ya kiungo chenyewe. Kilichoisumbua ni kukatika kwa umeme, vumbi la bara na unyevu wenye chumvi wa pwani. Bodi ya wati zisizozidi 10 iliweza kukaa saa nyingi juu ya betri ya volti 12 inayochajiwa na sola, jambo ambalo PC yenye pawasaplai ya wati 300 haikuliweza. Maarifa ya kujenga malango kwa FreeBSD kwenye kompyuta za kawaida yalienezwa pia na mafunzo ya AfNOG, jumuiya ya waendeshaji mitandao ya Afrika, yaliyoanza Cape Town mwaka 2000 na kupita Kampala 2003, Nairobi 2006, Kigali 2010 na Dar es Salaam 2011. Mkongo wa SEACOM ulipofika Mombasa na Dar es Salaam Julai 2009, ukifuatwa na TEAMS na EASSy, hesabu ilibadilika. Viungo vilianza kukua, na kwa mara ya kwanza ngome yenyewe, badala ya setilaiti, ikaweza kuwa ndiyo mahali pembamba pa njia.

Kwa taasisi zilizohitaji mlango usiofungwa kamwe, mashine moja nzuri haikutosha. Kanuni ya VRRP, ya mashine kadhaa kushiriki anwani moja, iliandikwa mwaka 1998, lakini Cisco ilidai kwamba iligusa hataza zake. Wajenzi wa OpenBSD wakaunda yao, CARP, na kuitoa katika toleo la 3.5 mwezi Mei 2004 pamoja na pfsync, inayonakili jedwali la mawasiliano kutoka mashine ya kwanza hadi ya pili. Ya kwanza ikianguka, ya pili hushika anwani katika sekunde chache, na aliyekuwa akipakua jalada haoni lolote zaidi ya kusita kidogo. Tangu hapo kompyuta mbili za bei ya wastani zikawa chaguo la busara kuliko moja ya bei kubwa, na hilo lilibadilisha zaidi kuliko jingine lolote maana ya neno uimara katika kazi hii.

Mzigo wa usimbaji ulipata ufumbuzi wake kwa urahisi zaidi. Matawi ya taasisi yalipoanza kuunganishwa kwa VPN, prosesa ndogo zilizidiwa, na kadi za ziada zenye chipu za Hifn zikauzwa ili kuzisaidia. Kuanzia 2010 Intel iliingiza amri za AES ndani ya prosesa zenyewe, na kadi hizo zikakosa soko.

Miaka ya 2010 ilileta visa viwili vinavyostahili kukumbukwa na kila anayechagua mashine ya langoni. Mwezi Februari 2013 mtaalamu mmoja wa simu za intaneti nchini Marekani alieleza jinsi kadi za mtandao zenye chipu ya Intel 82574L zilivyokuwa zikizima kabisa zilipopokea pakiti yenye thamani fulani katika baiti fulani. Haikujalisha kama ngome ingeizuia pakiti hiyo, kwa sababu kadi ilikufa kabla programu haijaiona, na haikufufuka hadi umeme uondolewe. Intel ilijibu kwamba kosa lilikuwa la mtengenezaji mmoja wa bodi aliyepakia mipangilio isiyo sahihi katika chipu ya kumbukumbu ya kadi. Chipu iliyosifika kwa uimara ilikuwa imeangushwa na mkono wa aliyeifunga.

Kisa cha pili kilikuwa kikubwa zaidi. Prosesa za Intel Atom C2000, zilizotoka 2013, zilipendwa sana na watengenezaji wa ngome: joto dogo, viini hadi vinane, amri za AES, ECC. Februari 2017 Cisco ilitangaza kwamba kipuri cha mapigo ya saa katika baadhi ya vifaa vyake, zikiwamo ngome za ASA 5506, 5508 na 5516, kinaweza kuanza kufa baada ya miezi 18 hivi ya kazi. Cisco haikumtaja mwuzaji wa kipuri, lakini orodha ya makosa ya C2000 iliyotolewa na Intel ilieleza dosari hiyohiyo: njia ya kutolea mapigo ya saa ilidhoofika kadiri ilivyotumika, na ikishakufa mfumo huweza kushindwa kuwaka. Kifaa kilichozimwa kwa matengenezo ya dakika tano kiliweza kukataa kuwaka tena milele. Wenye mashine mbili za CARP walikuwa na sababu ya pekee ya kuhofu. Mashine zilizonunuliwa siku moja na kuwashwa saa moja huchakaa kwa pamoja, na hivyo ulinzi wa kuwa na mbili hupungua pale zinapofanana mno. Walioelewa hilo walianza kununua ya pili kutoka fungu jingine, au kuiweka mashine ya akiba bila kuiwasha.

Januari 2018, dosari za Meltdown na Spectre katika prosesa ziliongeza swali jipya: je, mtengenezaji ataendelea kutoa masasisho ya programu ya ndani ya ubao mama miaka mitano baada ya mauzo? Kabla ya hapo ni wachache waliolihesabu hilo kama sehemu ya ubora wa maunzi.

Mwaka 2023 PC Engines ilitangaza mwisho wa mfululizo wa APU. Nafasi yake ilichukuliwa kwa haraka na visanduku vidogo visivyo na feni vinavyounganishwa China, vingi vikiwa na prosesa ya Intel N100 na milango minne ya gigabiti 2.5. Nguvu yake inaizidi APU2 mara kadhaa kwa bei isiyopishana sana. Milango hiyo nayo ilikuwa na historia fupi yenye mabaka: chipu ya i225 ya Intel ilitoka mwanzoni na dosari katika nafasi iachwayo kati ya pakiti, iliyopunguza kasi ikiunganishwa na baadhi ya swichi, na ilihitaji marekebisho ya silikoni hadi toleo la B3, kisha i226 ikafuata. Visanduku vingi huuzwa kwa majina yasiyojulikana, bila ratiba yoyote ya masasisho ya BIOS. Bodi za APU zilitumia coreboot, programu ya ndani ambayo msimbo wake uko wazi, na ingawa hazitengenezwi tena, kampuni ya 3mdeb ya Poland iliendelea kuziandikia matoleo mapya.